Anahesabu Mashimo Asiyoweza Kuyaona

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha hisabati zaidi ya miaka thelathini na sasa nakaa Kisumu. Binti yangu, kitindamimba, yuko mwaka wa pili wa uzamivu katika elimu ya anga. Desemba alikuja nyumbani na laptopu, akawa anakesha nayo mezani. Anasema anachunguza mashimo meusi yaliyomo ndani ya vishada vya nyota. Nikamuuliza, "Wewe umewahi kuliona hilo shimo?" Akacheka, akaniambia, "Baba, hakuna atakayeliona." Darubini hana, wala sijamsikia akisema anakwenda mahali penye darubini. Sasa anatafuta nini hasa, na anajuaje kwamba kipo? Tena, mtu akishasoma hayo anapata kazi wapi?

JIBU: Mwalimu, binti yako amekujibu sawasawa, ila kwa ufupi wa mtu aliyekesha. Mimi nafundisha fizikia chuoni, na ujana wangu niliumaliza kwenye kazi inayofanana na yake, kwa hiyo nitajaribu kujaza pale alipoachia.

Kama unakaa Kisumu unawajua wavuvi wa Dunga. Gugumaji likitanda, mvuvi hamwoni kiboko. Anachokiona ni gugu linalojongea kuelekea kule ambako upepo hauvumi, na hapo hapo anageuza mtumbwi bila kungoja ushahidi zaidi. Shimo jeusi ni kiboko wa namna hiyo. Nuru ikiingia haitoki, kwa hiyo likiwa peke yake gizani hulioni hata uwe na darubini ya ukubwa gani. Lakini mvutano wake haufichiki. Nyota jirani inayumba bila sababu inayoonekana, au inakwenda kasi isiyolingana na mahali ilipo. Binti yako anasoma mwendo wa gugu.

Najua utaniuliza kuhusu ile picha ya duara la moto iliyozunguka kwenye televisheni Aprili 2019. Lile ni shimo la galaksi ya M87, lenye uzito wa Jua mara bilioni 6.5, na kilichopigwa picha ni gesi inayong'aa ikilizunguka, na kivuli katikati. Mashimo ya binti yako ni madogo mno kwa mchezo huo. Kila uzito wa Jua mmoja unakupa nusukipenyo cha kilomita 3, basi. Fanya hesabu mwenyewe: shimo lenye uzito wa Jua 25 lina kipenyo cha kilomita kama 150. Hilo ni duara ambalo Kisumu iko ukingoni huku na Nakuru ukingoni kule, ukipima kama arukavyo ndege, si kwa barabara ya Kericho. Sasa lipeleke duara hilo umbali wa miaka ya nuru elfu kadhaa (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mzima), uambiwe ulitafute.

Kwa nini basi alitafute ndani ya kishada, asilitafute kwingine? Hapo ndipo penye utamu wa kazi yake, na naomba unipe nafasi.

Kishada tunacho hata katika lugha yetu. Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo wakulima walilitazama ili kujua majira ya kulima, ni kishada. Kwa macho matupu unahesabu nyota sita au saba, kumbe zimo zaidi ya elfu moja, na zote ni changa, zina miaka kama milioni 100 tu. Kilimia ni kijiji. Nachukulia kwamba binti yako anachunguza vile vishada vya mviringo, maana huko ndiko mashimo yanakosakwa sana, na hivyo ni majiji: nyota kuanzia laki moja hadi milioni kadhaa zimejikusanya kama mpira, na nyingi zina umri wa zaidi ya miaka bilioni 10. Jua letu lina bilioni 4.6, ni mjukuu kwao. Galaksi yetu imezungukwa na vishada vya aina hii zaidi ya 150. Kikubwa kuliko vyote kinaitwa Omega Centauri, kina nyota kama milioni 10, kiko mbali nasi miaka ya nuru 17,000 hivi, na hapo ulipo unaweza kukiona bila kununua chochote. Nitakuelekeza kabla sijaweka kalamu chini.

Msongamano wa humo ndani ni wa namna gani? Weka chungwa mezani pako Kisumu, liwe ndilo Jua. Kwa kipimo hicho, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ni chungwa jingine lililoko Harare. Huo ndio ujirani wetu, na ndiyo sababu anga letu limetulia. Katikati ya Omega Centauri, chungwa la pili lingekuwa Kakamega. Bado ni mbali, na kweli hata huko nyota kugongana ana kwa ana ni jambo la nadra. Lakini mvutano hauhitaji kugongana. Nyota mbili zikipitana, kila moja inaivuta nyenzake kidogo na kuipotosha njia, na kwa miaka bilioni 10 hivyo vidogo vidogo vimejaa kibaba.

Sasa yatie mashimo humo. Nyota iliyozaliwa na uzito wa Jua 20 au zaidi haiishi sana. Inachoma fueli yake kwa miaka milioni chache, kisha kiini chake kinaanguka ndani kwa ndani, na mara nyingi kinachobaki ni shimo jeusi. Kishada chenye nyota milioni moja huzaa mashimo kwa mamia, pengine yakapita elfu, kikiwa bado kichanga kabisa. Baada ya hapo nyota nzito zimekwisha, zimebaki nyepesi, na mashimo ndiyo yanayokuwa mazito kuliko kila kitu kingine mle ndani.

Umewahi kumwona mama akipepeta maharagwe kwenye ungo: makapi yanaruka nje, vizito vinajikusanya. Pale kazi inafanywa na upepo, kwa hiyo mfano huu usiuvute mbali, lakini matokeo yanafanana. Kila kizito kinapopitana na chepesi, kizito hupoteza nishati kidogo na chepesi hupata. Chepesi kinaongeza mwendo na kwenda pembeni. Kizito kinapungukiwa na kuzama kuelekea kitovuni. Miaka milioni mia chache ikipita, mashimo yamekusanyika katikati kama wazee kwenye baraza, na nyota za kawaida zimebaki nje.

Huko barazani ndiko kunakoanza vurugu. Mashimo matatu yakikaribiana, mara nyingi mawili hushikana yakawa jozi na la tatu hutupwa kwa kasi. Mwaka 1975 Douglas Heggie alionyesha kanuni ambayo mpaka leo kila mwanafunzi wa fani hii anaijua kwa moyo: jozi iliyokaza, kila inapokutana na mgeni, huzidi kukaza, na iliyolegea huzidi kulegea hadi ikavunjika. (Mke wangu anasema hiyo si fizikia, ni ndoa.) Mgeni aliyekuja kuizuru jozi iliyokaza huondoka na mwendo mkubwa kuliko aliokuja nao. Nishati hiyo imetoka kwenye jozi, ambayo sasa inazungukana kwa ukaribu zaidi. Basi jozi ya mashimo katikati ya kishada ni kama jiko: kila anayepita karibu anatoka amepata moto.

Mwalimu wa hisabati utafurahia kituko kimoja. Chai ikipoteza joto inapoa. Kishada hakifuati desturi hiyo. Chombo kinachoizunguka Dunia kikipoteza nishati hushuka chini, na kikishuka huongeza kasi. Kitovu cha kishada ni hivyo hivyo: kikipoteza nishati kinajikunja, na nyota zake zinakwenda mbio zaidi, yaani kinazidi kupata "joto", kinazidi kupoteza, kinazidi kujikunja. Kikiachwa hivyo, kitovu kinaporomoka na kuwa kidogo chenye msongamano wa kutisha. Katika galaksi yetu kama kimoja kati ya vishada vitano kiko katika hali hiyo. M15 ndicho kinachotajwa sana.

Na vile vinne vilivyobaki vimezuiwa na nini? Jibu ambalo kizazi cha binti yako kimelileta ni hili: vimezuiwa na lile jiko. Kishada ambacho bado kina mashimo mengi katikati kinapashwa moto kutoka ndani, kitovu chake kinabaki kimevimba, kipana. Mashimo yanapomalizika, yaani yakishatupana nje karibu yote, jiko linazimika na kitovu kinaporomoka. Sasa umeona ujanja wake? Ukipima upana wa kitovu kwa picha ya kawaida ya nyota zinazoonekana, unaweza kukadiria idadi ya mashimo yasiyoonekana. Hakuna hata moja ulilolitazama, na umeyahesabu. Mimi kusema kweli, katika fani yangu yote sijaona hoja inayonipendeza kuliko hii.

Lakini usidhani watu walifika hapo kwa njia iliyonyooka. Tulipotea mara mbili, na safari ya kwanza ilianzia kwetu.

Tarehe 12 Desemba 1970, wewe huenda ulikuwa bado shuleni, setilaiti moja ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei kutoka angani. Kwa data yake, mwaka 1971, watu walianza kushuku kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi, na hilo likawa la kwanza kukubaliwa na wengi. Kila nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba shimo jeusi la kwanza lilinaswa na chombo chenye jina la Kiswahili kilichoondokea pwani yetu, wanadhani natania.

Uhuru, pamoja na setilaiti nyingine ya wakati ule, ilikuta jambo la ajabu: ukilinganisha uzito kwa uzito, vishada vya mviringo vilikuwa na vyanzo vya eksirei mara kama mia kuliko sehemu nyingine za galaksi. Mwaka 1975 baadhi ya wataalamu wakasema huenda kila kishada chenye vyanzo hivyo kina shimo kubwa la uzito wa Jua mara elfu katikati, linameza gesi. Haukupita hata mwaka. Vyanzo vile vikaonekana vikiripuka eksirei kwa sekunde chache na kutulia, na mripuko wa namna hiyo unahitaji sakafu ya kuripukia. Shimo jeusi halina sakafu. Zilikuwa nyota za nutroni, zile zilizokufa lakini hazikufika kuwa mashimo. Wazo la mashimo makubwa likawekwa kabatini.

Mara ya pili tulipotea kwa upande mwingine. Mwaka 1993 makundi mawili ya watafiti, kila moja kivyake, yalipiga hesabu ya ile vurugu ya barazani yakafikia uamuzi kwamba mashimo yangetupana nje upesi sana, na leo kishada kizee kingekuwa kimebaki na moja au mawili, au hakuna kabisa. Kwa karibu miaka ishirini hilo likafundishwa kama Amri za Mungu. Mimi mwenyewe nililifundisha, nikamkata mwanafunzi alama kwa kuandika kinyume chake, na mpaka leo jambo hilo linanikera.

Kosa lilikuwa nini? Hesabu za 1993 ziliyachukua mashimo kama watu waliojitenga, wanaosukumana wao kwa wao tu. Kumbe nyota zinazoyazunguka zinapokea ile nishati, zinatanuka, kitovu kinalegea, na mashimo yanapata nafasi ya kukutana mara chache zaidi. Utupaji unapungua. Mchakato uliodhaniwa utakwisha haraka unaendelea miaka bilioni 10.

Ushahidi nao ukaanza kuingia. Mwaka 2012 darubini za redio kule New Mexico zilikuta ndani ya kishada cha M22 vitu viwili vyenye dalili za mashimo meusi yanayokula polepole. Kisha Januari 2018 likaja lile ambalo mimi nalihesabu kuwa ndilo lililofunga mjadala. Ndani ya kishada cha NGC 3201 kulikuwa na nyota ya kawaida, nyepesi kidogo kuliko Jua. Watafiti waliokuwa wakitumia darubini kubwa iliyoko Chile walipochambua nuru yake waliona mistari ya rangi ikisogea upande wa bluu, kisha upande wa nyekundu, kisha ikarudi. Umesimama kando ya barabara pale Ahero, matatu inakuja ikipiga honi: ikikaribia sauti ni nyembamba, ikishapita inakuwa nene. Nuru hufanya vivyo hivyo. Nyota ile ilikuwa inatupwa huku na huku kwa kasi ya kilomita laki kadhaa kwa saa, na kila baada ya siku 167 inaanza upya. Inazungushwa na kitu chenye uzito wa zaidi ya Jua 4, na mahali kitu hicho kilipo hakuna nuru yoyote. Hapana gesi inayoungua, hapana eksirei. Gugu tu, linajongea.

Hapo ndipo nikujibu habari ya darubini. Binti yako hana haja ya kubeba darubini kwa sababu picha zipo. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia imepima mahali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja, na data yake imewekwa wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti, awe Paris au Nyalenda. Picha za Hubble, ile darubini inayoizunguka Dunia, nazo, baada ya muda fulani wa wenyewe kuzifaidi, huachiliwa. Asichoweza kukipata kwenye picha yoyote ni muda. Picha inakuonyesha kishada siku moja, naye anataka kujua kilifikaje hapo kwa miaka bilioni 12. Hivyo analazimika kukijenga kishada ndani ya kompyuta, akiache kizeeke, halafu alinganishe na kile cha angani.

Wewe uliwahi kuwauliza wanafunzi swali la kupeana mikono: darasa lina watoto 40, kila mmoja ampe mwenzake mkono mara moja, ni mara ngapi? Ni 780. Nyota milioni moja, kila moja ikiivuta kila nyingine, ni mivutano karibu bilioni 500, na hiyo ni kwa hatua moja ndogo ya wakati. Kisha nyota zinasogea kidogo, unaanza upya.

Mtu wa kwanza kulishambulia tatizo hili kwa vifaa hakuwa na kompyuta. Mwaka 1941, Erik Holmberg wa Sweden alitaka kujua galaksi mbili zikipitana zitaharibiana vipi. Akachukua balbu 74 za umeme, 37 kwa kila galaksi, akazipanga mezani. Kwa nini balbu? Kwa sababu nuru hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili, inabaki robo. Mvutano nao hufuata kanuni hiyo hiyo. Akapima kwa kifaa cha kuhisi nuru, mahali pa kila balbu, nuru ya zile nyingine inatoka upande gani na kwa nguvu gani, akaisogeza balbu ipasavyo, akapima tena. Usiku wa giza ukiwa ufukweni ukitazama taa za wavuvi wa omena zilivyotawanyika ziwani, huku zimesongamana, kule zimeachana, ujue kuna mtu aliwahi kufanya hesabu ya anga kwa taa kama zile.

Leo kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya ukaidi: hesabu mikono yote. Mwaka 2016 watafiti walichapisha vishada vya nyota milioni moja vilivyopigwa hesabu hivyo, na ilihitaji kompyuta kubwa na uvumilivu mwingi. Ya pili aliitoa Mfaransa Michel Hénon mwaka 1971. Yeye alisema, nyota haijali jirani mmoja mmoja, inajali jumla ya misukosuko, basi badala ya kuhesabu kila mpishano, rusha dadu zenye uwezekano uliopimwa vizuri. Mamilioni ya dadu. Kishada kizima kinazeeka kwa siku au wiki badala ya miezi na miezi. Sijui binti yako anatumia ipi, ila kama anakesha mezani akitazama namba zikipanda, anaogopa kitu ambacho mimi nakijua.

Nikiwa mwaka wangu wa pili nilikuwa na kishada kilichozeeka siku tisa mfululizo kwenye mashine iliyokaa chini ya meza yangu. Siku ya tisa alasiri, mvua ya radi, stima ikapotea. Nilikuwa sijaandika mistari mitatu ya kuihifadhi hali ya nyota kila baada ya saa chache. Kishada changu kilikufa kikiwa na miaka bilioni 7. Nilikwenda nyumbani, nikalala saa kumi na nne.

Nini kinamkimbiza sasa hivi? Mambo mawili, kwa kubahatisha kwangu.

La kwanza ni mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko inayosambaa angani mashimo yanapoungana. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO huko Marekani ilihisi mtikisiko wa mashimo mawili, la uzito wa Jua 36 na la 29, yakiungana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3. Kufikia mwisho wa awamu ya tatu ya uchunguzi, matukio ya namna hiyo yalikuwa yamefika 90. Yalikutana wapi? Baadhi yao pengine yalizaliwa pacha. Lakini mengine yana dalili za kukutanishwa barazani. Lililonasa wengi ni la Mei 2019: shimo la Jua kama 85 na la kama 66. Nadharia ya nyota inasema nyota haiwezi kufa ikaacha shimo la uzito wa 85, kwa maana nyota za ukubwa huo hujiripua zikaisha zote bila kuacha chochote. Basi hilo la 85 huenda lenyewe lilikuwa mtoto wa muungano mwingine, na mahali ambapo shimo lililoungana linaweza kupata mwenza wa pili ni penye msongamano. Tatizo: mashimo yakiungana, lililozaliwa hupata teke, pengine la mamia ya kilomita kwa sekunde, na kishada cha kawaida hakina nguvu ya kulizuia lisitoroke. Je, mateke mengine ni madogo ya kutosha libaki? Hilo huwezi kulijua bila kurusha dadu mara nyingi.

La pili ni hiyo hiyo Omega Centauri. Julai 2024 kikundi kimoja kilichapisha matokeo ya picha zaidi ya 500 za Hubble zilizopigwa kwa miaka ishirini. Wamefuatilia nyota milioni 1.4, wakakuta saba karibu kabisa na kitovu zinazokwenda kasi kiasi kwamba zingepaswa kuwa zimeshatoroka. Kinachozizuia, kwa hesabu yao, ni shimo moja lenye uzito wa Jua 8,200 au zaidi. Lile wazo la 1975 limetolewa kabatini! Wengine wanasema hapana, ni kundi la mashimo madogo yaliyorundikana. Mimi naegemea upande wa shimo moja, ila shamba langu siliweki rehani.

Habari ya kazi haitanichukua muda. Wachache watabaki vyuoni. Wengi wa niliosoma nao wako benki, bima, utabiri wa hali ya hewa na kampuni za programu, kwa sababu mtu aliyezoea kuchuja ukweli kutoka kwenye namba milioni moja zenye kelele hatafutiwi kazi kwa tochi. Nchi nayo haijalala: Kenya ni mojawapo ya washirika wa Afrika katika mradi wa darubini za redio wa SKA unaojengwa Afrika Kusini na Australia, na Shirika la Anga la Kenya lipo tangu 2017. Mtambo wa MeerKAT wa Afrika Kusini umeshaingia kwenye uwanja wa binti yako: mwaka 2024 ulitangaza kwamba ndani ya kishada cha NGC 1851 kuna kitu chenye uzito wa Jua kati ya 2.1 na 2.7, ambacho ni ama nyota ya nutroni nzito kupita kiasi au shimo jeusi jepesi kuliko yote. Ombi langu moja tu, majirani wakiuliza, waambie anasoma falaki. Ukisema unajimu wataanza kukuletea viganja vyao.

Sasa maelekezo niliyokuahidi. Mei au Juni, akija likizo, nendeni Dunga usiku usio na mwezi, kati ya saa mbili na saa nne. Tazameni kusini, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kendu Bay. Tafuteni Msalaba wa Kusini, na kushoto kwake nyota mbili angavu zilizo jirani. Kutoka kwenye hizo mbili, nyoosha mkono upime ngumi moja na nusu kwenda juu, kidogo kulia. Utaona kitu kama nyota iliyofifia, ina ukungu, haitulii kuwa nukta. Ukiwa na darubini ya macho mawili, ile ya watazama ndege, itakuwa kama tone la uji kwenye kitambaa cheusi. Hizo ni nyota milioni 10, na nuru hiyo iliondoka huko miaka 17,000 iliyopita.

Mkiwa mmesimama hapo, muulize kama vitovu vya vishada vyake bado vimevimba au vimeshaporomoka, na kama programu yake inahifadhi hali ya nyota kila baada ya saa ngapi. Kwa maswali hayo mawili hatacheka.